Ngalawa ya babu na lile neno "duni"

Haya jamani, nimerudi. Kwa mlioniuliza nimekuwa nikipotelea wapi kila mwisho wa wiki tangu Agosti: sijaoa kimyakimya, sijahama mji, wala sijaacha kazi. Nilikuwa Mlingotini natengeneza ngalawa. Ndiyo, ngalawa! Mimi huyu huyu ambaye mwaka jana kutundika pazia chumbani kwangu kulinishinda nikaita fundi.

Mlingotini, kwa wasioijua, ni kijiji cha wavuvi kusini kidogo ya Bagamoyo. Ukitokea Dar hufiki Bagamoyo mjini, unakata kulia kuelekea baharini. Wanaume wanavua, kina mama wanalima mwani, vijana wanaendesha bodaboda. Ndiko alikozaliwa baba yangu, na ndiko nilikokuwa napelekwa kila likizo nikiwa shule ya msingi, nikirudi mjini ngozi imepauka kwa chumvi na mama akilalamika wiki nzima.

Ngalawa ni ya marehemu babu. Ubavuni imeandikwa kwa rangi nyekundu SI NENO, ingawa siku hizi kinachosomeka ni SI NE tu. Babu alipoulizwa kwa nini aliipa jina hilo alikuwa anajibu, "Si neno," halafu anacheka peke yake. Alifariki mwaka 2013, kitandani kwake, mtu aliyekwenda baharini zaidi ya miaka arobaini. Baba Mdogo akaendelea kuivulia mpaka mwaka 2020, mgongo ukamshinda, akaivuta chini ya mkungu nyuma ya nyumba, akaigeuza mdomo juu na kuiacha. Kumbukeni hilo la mdomo juu, tutalirudia.

Kwa ndugu zangu mliokulia bara niseme kidogo. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja, kwa kawaida la mwembe, lililochongwa kwa shoka na tezo, kisha ukapewa mbawa mbili. Ile miti inayokatiza juu ya mtumbwi inaitwa mirengu, na zile mbao zinazoelea kwenye ncha zake, kushoto na kulia, ni matengo. Bila matengo, gogo jembamba namna ile likipandishwa tanga linapinduka kabla hujamaliza bismillahi. Ya babu ina futi kumi na tisa, karibu mita sita, na ukikaa ndani upana wake unakutosha wewe na wasiwasi wako basi.

Sasa mwezi wa saba Baba Mdogo akanipigia simu akiwa na habari mbili. Ya kwanza, mdogo wangu, yaani mtoto wake, pikipiki ya mkataba imerudi kwa mwenyewe baada ya marejesho kumshinda, kijana yuko nyumbani anatazama dari. Ya pili, kuna bwana mmoja anajenga nyumba ya wageni ufukweni, ameiona Si Neno pale chini ya mkungu na anatoa laki mbili taslimu. Anataka kuikata katikati, nusu aisimamishe ukutani, atie rafu, apange chupa za vinywaji.

Babu yangu, ambaye hata soda alikuwa anaitilia shaka, ngalawa yake ikawe kabati la bia! Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye mshahara, "Baba Mdogo usiuze, nitakuja niikarabati mwenyewe." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ukishaikarabati?" Nikamwambia tutaijengea kibanda kizuri cha makuti, tutundike na picha ya babu, iwe kumbukumbu ya ukoo. Naona aibu kuandika hivi leo, lakini ndivyo nilivyosema.

Nilipofika Jumamosi ya kwanza nilienda kumwamkia bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, leo umekumbuka kuwa una mke huku?" Nikamweleza mpango wa kibanda na picha. Bibi anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema, "Kuitazama nimeshaitazama. Hiyo hela ya kibanda, si bora uninunulie godoro?"

Ndiyo kazi ikaanza, na ikaanza kwa mimi kuharibu. Niliikuta imejaa majani na maji ya mvua. Kwa akili zangu za chuo kikuu nikawaza, mbao imelowa, dawa yake jua. Nikawalipa vijana wanne, tukaimwaga maji, tukaitoa kivulini, tukaiweka mchangani katikati ya jua la Agosti ikauke. Nikarudi zangu Dar nikiwa nimeridhika. Jumamosi iliyofuata nikakuta ufa uliokuwa na urefu wa shubiri umekimbia mpaka karibu na shimo la mlingoti. Ningeweza kupitisha kidole.

Ndipo Baba Mdogo akasema imetosha, tukamwite fundi. Fundi mwenyewe ni mzee aliyepita sabini, jicho moja limeingiwa na ukungu, mikono kama mizizi. Alikuja na kikapu: tezo, patasi, keekee, nyundo ya mti. Hakuniuliza lolote. Alianza kuizunguka ngalawa akiigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, hatua kwa hatua, kutoka omo mpaka tezi. Mahali pengine ilijibu kama mlango, mahali pengine kama papai. Kila ilipojibu kama papai alichora alama kwa mkaa. Alama zilikuwa saba.

"Nani aliiweka juani?"

Nikajitaja.

"Na nani aliiweka mdomo juu?"

Baba Mdogo akatazama baharini.

Akatufundisha wote wawili kama watoto wa madrasa. Chombo hakiozi kwa maji ya chumvi, kinaozeshwa na maji ya mvua. Chumvi inazuia ukungu unaokula mbao, maji baridi yanaulea. Ngalawa inayoingia baharini kila siku inaweza kudumu, ile inayopumzishwa mdomo juu chini ya mti inageuka bakuli, na mwembe si mti mgumu kama mvule, ukikaa na maji ya mvua unalainika kama mkate. Ilitakiwa igeuzwe, ifunikwe makuti, iachwe kivulini ikauke polepole. Sehemu ya nje ikikauka haraka kuliko ya ndani, lazima ipasuke. Nilikuwa na kidaftari changu cha kazini, nikaandika yote.

Kidaftari ndicho kilichoniponza. Akaniuliza, "Wewe ndiye yule mjukuu wa gazeti?" Nikasema ndiye, nikiwa na tabasamu la kusubiri sifa. Akataja ajali moja ya miaka miwili iliyopita, watu walizama wakirudi kutoka kisiwani. Jina langu lilikuwa juu ya habari ile, ukurasa wa tatu. Gazeti lilisomwa kwa sauti pale kwenye baraza la kahawa.

"Uliandika chanzo ni vyombo duni."

Nikasema ndivyo walivyosema wahusika.

"Ile ilikuwa boti ya faiba. Ina mashine. Mpya, haina hata mwaka. Walipakia watu kama dagaa kwenye tenga na upepo umeshabadilika, wenye ngalawa wote wamerudi pwani. Wewe ukaandika duni."

Hakusema kwa hasira. Alishachukua tezo na kuanza kukwangua sehemu iliyooza, vibanzi vinaruka. Mimi nilibaki nimeshika kalamu.

Usiku ule, kwenye daladala la kurudi mjini, nilijaribu kukumbuka jinsi nilivyoiandika ile habari. Nilifika chumbani nikatoa madaftari ya zamani kwenye boksi chini ya kitanda. Nikaikuta. Simu moja kwa ofisa mmoja, dakika sita, saa kumi na moja jioni, ukurasa unafungwa saa kumi na mbili. Idadi ya waliofariki, idadi ya waliookolewa, mstari mmoja: "vyombo duni, wavuvi waache". Hakuna mahali popote niliuliza kilikuwa chombo cha aina gani. Sikuuliza! Neno lilikuwa tayari limekaa kinywani mwangu, kama yale mengine tunayoyaweka kila siku bila kuyatazama, "wananchi wenye hasira kali", "hali ya sintofahamu". Mvuvi akifa maji, chombo ni duni. Lakini MV Bukoba ilipozama Mei 1996 Ziwa Victoria ilikuwa meli ya chuma. MV Spice Islander Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, chuma. MV Nyerere Septemba 2018 karibu na Ukara, chuma pia. Zote hizo zinakumbukwa kwa kubeba watu kupita kiasi, na sijawahi kusoma mahali zikiitwa vyombo duni.

Na tukisema duni, au kile kingine tunachopenda, "vya kienyeji", tunamaanisha nini hasa? Mwembe asili yake Asia ya Kusini. Mbawa mbili za ngalawa, wengi waliochunguza historia ya vyombo wanazihusisha na visiwa vya Indonesia, na njia zile za bahari zilizofikisha Madagaska lugha ya Kimalagasi, ambayo ndugu zake wa karibu wako Borneo. Tanga la pembe tatu ni la bahari nzima ya Hindi. Gogo, mbawa na tanga vimekutana kwetu, watu wetu wakavipatanisha vikaelea na kulisha watoto. Basi huo ndio uenyeji wenyewe.

Jumatatu nilimfuata mhariri wangu nikamwambia nataka tutoe masahihisho. Akauliza habari ya lini, nikamtajia. Alicheka mpaka akavua miwani. "Bwana mdogo, masahihisho ya miaka miwili? Nani ameshitaki?" Nikasema hakuna. "Basi nenda kaandike ya leo." Sikubishana naye sana, na hilo pia nalikiri hapa.

Kazi iliendelea Septemba yote na Oktoba. Sitawachosha na kila Jumamosi, ila kuna mambo mawili matatu nataka myaone. Kwanza kiraka. Pale nyuma palipooza Fundi alikata mpaka akapata mbao nzima inayolia, shimo likawa la ukubwa wa sahani, mimi moyo unanidunda naona anaimaliza. Kisha akachonga kipande cha mwembe kuziba lile shimo, anajaribu, anatoa, anapunguza kidogo, anajaribu tena. Mara ishirini na mbili, nilihesabu. Hakutumia futi wala penseli, alipaka masizi kwenye ukingo wa shimo, akigandamiza kipande panapogusa panabaki peusi, pale ndipo anapopunguza. Akatoboa njia za misumari kwanza kwa keekee, maana ukipiga msumari moja kwa moja unapasua.

Halafu kalafati. Unasokota pamba, unaichovya mafuta ya nazi, unaishindilia kwenye ufa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilipewa ule ufa wangu. "Umeuzaa wewe, ulee wewe," alisema. Nilishindilia saa tatu. Nikipiga kwa nguvu ananikataza, nitaupanua. Nikipiga kwa woga ananikataza, maji yataingia. Hakuna kipimo, ni sauti tu: pamba ikikaa sawasawa nyundo inabadilika mlio. Mpaka leo siwezi kuwaandikia mlio huo unakuwaje.

Na mwisho deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa tumboni kwa chombo kuzuia wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Kabla ya hapo tuliilaza ubavu, tukapitisha moto wa makuti makavu chini yake, haraka haraka, unaunguza lakini hauchomi. Shahamu ilichemshwa kwenye sufuria ambayo bibi alikuwa ameipoteza tangu Ramadhani, ugomvi wake tuuache. Zamani walipaka pia sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo babu alinuka utoto wangu wote. Safari hii hatukuyapata. Niliposikia hayapo nilijikuta nimehuzunika kuliko nilivyotegemea, maana ndiyo harufu niliyokuwa naisubiri.

Mirengu ilikuwa mipya. Nilidhani tungekata mikoko pale pale kwenye hori, kumbe mikoko yote ni hifadhi ya serikali, hukati bila kibali, tukanunua miti ya mivinje. Tanga la zamani lilikuwa limeliwa na panya. Jumla nilitumia shilingi laki nne na elfu kumi, mara mbili ya ile bei ya kabati la bia, na godoro la bibi juu yake.

Nisije nikawadanganya lakini kwamba Fundi ni mtu wa kulilia mambo ya kale. Siku moja tunakula mihogo nikamwuliza, akipewa hela atengeneze chombo cha namna gani. Nilitegemea anipe maneno matamu ya kunukuu. Akasema, "Faiba." Nikashangaa. "Mwembe mnene wa kutoa ngalawa uko wapi siku hizi? Uliopo mwenyewe anakula maembe. Faiba haiozi, haitaki deheni. Lakini ngalawa ikizidiwa inakwambia mapema, tengo linazama unaliona. Faiba inanyamaza. Sasa mtu asiyejua, mpe inayonyamaza uone." Nikaandika. Akasema, "Hiyo ndiyo uandike gazetini." Sijapata bado pa kuiandikia, ndiyo maana naiweka hapa.

Kibanda cha makuti na picha kiliishia wapi? Kilikufa chenyewe. Kuanzia wiki ya tatu mdogo wangu alianza kuja kutazama, kwanza amesimama mbali na simu yake, kisha akashika upande mmoja wa mbao, kisha nikifika Jumamosi nakuta kazi zimeshafanyika katikati ya wiki. Mirengu alifunga yeye na Fundi, kamba kwa mkono wake. Siku hiyo nilisogea nikakaza fundo moja ili na mimi niwe nimefunga, Fundi akalifungua bila kusema kitu, kijana akalifunga upya. Nikaelewa ngalawa ni ya nani.

Tuliishusha Jumamosi moja ya Novemba, bamvua la mwezi mpevu, maji yakijaa karibu na mizizi ya mkungu. Bibi alifukiza ubani, mwalimu wa madrasa akasoma dua, watu kama ishirini wakasukuma kwa kuitikiana, malipo yao kahawa na wali wa nazi. Wengine walikuja kucheka tu, najua, maana habari za mwandishi wa habari na ngalawa zilikuwa zimeenea. Mdogo wangu alikaa usukani, Fundi kwenye kamba ya tanga. Mimi nilipewa kopo la rangi lililokatwa, nifue maji.

Na maji yaliingia, jamani. Ule ufa wangu ulikuwa unalia kama mtoto. Tulipotoka nje ya hori upepo ukashika tanga, tengo la upande mmoja likainuka kutoka majini, Fundi na umri wake wote akatambaa kwenye mrengu akakaa juu yake kama mtu aliyekaa barazani kwake, ngalawa ikatulia ikaanza kukata maji. Nilikuwa nimepanga kutazama, nikumbuke babu, pengine hata kulia kidogo. Sikupata nafasi. Nilifua maji kwenda na kurudi. Kila nikisimama kupumua mdogo wangu ananiambia, "Kaka, ngama," na mimi nainama tena.

Tulipotia nanga nilimwambia Fundi tumeshindwa. Akatia kidole kwenye ufa. "Mbao ina kiu. Iache majini inywe siku saba itavimba, itajibana yenyewe."

Wiki iliyofuata kazini ilikuja habari ya chombo kilichopinduka, pwani nyingine kabisa, mbali na kwetu. Nilipiga simu nikauliza: chombo cha aina gani, kirefu kiasi gani, kilibeba wangapi, upepo ulikuwa wa wapi. Yule bwana upande wa pili akakasirika, akasema wewe andika tu kama mnavyoandika siku zote. Nilichelewesha ukurasa dakika ishirini. Kesho yake nilifungua gazeti, maelezo yangu yote yapo, na aya ya mwisho mtu wa dawati alikuwa ameongeza sentensi moja kuhusu vyombo duni.

Nilikuwa bado nimelishika lile gazeti mdogo wangu aliponipigia. Alikuwa ametoka na umande alfajiri, amerudi na upepo wa mchana, changu na tasi za kutosha kuuza na za bibi kukaanga. Nikamwuliza ufa vipi.

"Makopo matatu," akasema. "Safari nzima. Juzi yalikuwa kumi na moja."